Kabla, katikati, baada: namna ya kukusanya noti na sarafu za nchi zilizogeuzwa na siasa

Serikali ikipinduliwa asubuhi, jioni sokoni watu bado wananunua kwa noti zenye picha ya aliyepinduliwa. Kusanifu, kuchapa na kusambaza noti mpya huchukua miezi mingi. Kwa hiyo karibu kila mageuzi huacha kipindi cha kati, fedha ya utawala wa zamani ikitumika chini ya utawala mpya. Kipindi hicho ndicho kinachomfaa mkusanyaji. Humo ndimo zinamopatikana noti zilizofunikwa uso wa mfalme kwa wino, zilizobandikwa stempu, au zilizobadilishiwa jina la benki. Na humo ndimo matapeli walimoweka kambi, maana kughushi chapa ndogo juu ya noti halali ni rahisi mno kuliko kughushi noti nzima.

Usianze basi kwa kusema unakusanya bara zima. Utaishia na sanduku la karatasi zisizohusiana. Chagua mageuzi mamoja, kisha tafuta vipande vitatu: cha kabla, cha katikati na cha baada.

Msumbiji ni mfano mzuri wa kuanzia. Kabla ni noti za escudo za Banco Nacional Ultramarino, benki ya wakoloni wa Kireno. Katikati ni noti zilezile zilizopigwa maneno BANCO DE MOÇAMBIQUE mwaka 1976. Baada ni metical, fedha mpya ya mwaka 1980. Noti za katikati zilibaki nyingi zikiwa mpya kabisa, na kwa kuwa ni za bei nafuu hakuna anayejisumbua kuzighushi. Burundi nayo ina mfululizo safi: noti za benki ya ufalme, kisha zilezile baada ya ufalme kufutwa Novemba 1966, zikiwa na chapa nyeusi ya Kifaransa DE LA REPUBLIQUE na ya Kirundi YA REPUBLIKA, halafu noti za jamhuri zenyewe. Hizi ni adimu zaidi, na hazimfai mtu ambaye macho yake hayajazoea.

Si kila mageuzi yana kipande cha katikati. Ghana ilitoa cedi zenye picha ya Kwame Nkrumah mwaka 1965. Alipopinduliwa tarehe 24 Februari 1966, noti hizo hazikupigwa chapa yoyote. Ziliendelea kutumika mpaka cedi mpya ilipotoka mwaka 1967, moja kwa 1.2 za zamani. Ukiuziwa noti ya Nkrumah yenye uso uliopigwa mhuri au kuchorwa, hiyo ni kazi ya mtu binafsi. Ndiyo maana jambo la kwanza kujua kuhusu nchi uliyochagua ni utaratibu uliotumika: benki kuu ilipiga chapa, ilibandika stempu, iliacha noti zitumike zilivyo, au ilizifuta kwa siku chache? Urusi ya Kisovieti ilifanya hilo la mwisho Januari 1991, noti za ruble 50 na 100 za mwaka 1961 zilipopewa siku tatu tu, tarehe 23 hadi 25, kubadilishwa.

Nunua cha kabla kwanza

Wengi hukimbilia kipande cha katikati kwa sababu ndicho kinachovutia. Geuza utaratibu. Nunua kwanza noti isiyo na chapa, ya toleo lilelile, hata ikiwa imechakaa. Hiyo ndiyo kipimo chako. Ukiwa nayo mkononi unaweza kulinganisha rangi ya karatasi, alama ya maji, saini, na herufi zinazotangulia namba. Mara nyingi chapa ilipigwa kwenye shehena fulani tu iliyokuwa ghalani, kwa hiyo noti zenye chapa huwa na saini fulani na herufi fulani. Mghushi hununua noti yoyote ya bei rahisi anayoipata, na hapo ndipo anapojikwaa.

Noti za Marekani zenye neno HAWAII huonyesha jambo hili waziwazi. Zilitolewa mwaka 1942 ili Japani ikivamia visiwa hivyo, fedha itakayotekwa iweze kufutwa mara moja. Noti halali ya dola 1 ni ya mfululizo 1935A na ina muhuri wa rangi ya kahawia. Dola 1 ya kawaida ya mfululizo huohuo ina muhuri wa buluu. Ukiona HAWAII pamoja na muhuri wa buluu, huna haja ya kikuzio wala taa, rudisha.

Katika matangazo ya wauzaji utakutana na namba zinazoanza na P kwa noti na KM kwa sarafu. P ni ya Albert Pick, aliyepanga noti za dunia kwa namba, na KM ni ya orodha ya sarafu ya Krause na Mishler. Herufi ndogo inayofuata namba ya P kwa kawaida hutenganisha saini au tarehe, na ni hiyo inayobadilisha bei. Tovuti ya Numista hukusaidia kutambua kipande na kuona vipimo vyake, lakini usiichukulie kuwa mwamuzi wa uhalisi.

Kukagua chapa ya juu

Utahitaji kikuzio cha mara 10, taa ya mezani inayoweza kulazwa, taa ya urujuanimno ya nanomita 365 na, kwa ajili ya sarafu, mizani inayosoma gramu 0.01, koleo la vernia na sumaku ndogo. Vitu hivi vyote huingia kwenye kisanduku kimoja cha viatu.

Anza na mikunjo. Laza taa ili mwanga upite sambamba na noti, kisha tazama mahali mkunjo unapokatiza chapa. Ikiwa chapa ilipigwa kabla ya noti kukunjwa, wino utakuwa umepasuka au kukwanguka pamoja na karatasi, na mstari mweupe utaukata. Ikiwa wino umetiririka ndani ya mkunjo na kujaza nyuzi zilizofumuka, basi mkunjo ulitangulia na chapa ikafuata. Hilo peke yake si hukumu. Kama serikali ilipiga chapa noti zilizokuwa mikononi mwa watu, wino juu ya mkunjo ni jambo la kawaida. Kama ilipiga noti mpya za ghala, umeshikilia noti ya kughushi.

Pili, tazama kingo za herufi. Mashine ya chapa ya herufi za risasi husukuma wino pembeni, ukaacha ukingo mweusi zaidi kuzunguka herufi, na mara nyingine alama ya mgandamizo huonekana upande wa pili. Mhuri wa mpira huacha wino hafifu usio sawa, mwepesi katikati. Printa ya kompyuta huacha vitone vidogo vya rangi mbalimbali au chembe zinazong'aa juu ya karatasi. Chapa ya mwaka 1966 iliyoundwa na vitone vya samawati, zambarau na manjano haijatoka mwaka 1966.

Tatu, hesabu aina. Noti za Iran zenye picha ya Shah zilifunikwa kwa zaidi ya namna moja baada ya mapinduzi ya 1979: kuna zilizofunikwa uso tu, na kuna zilizofunikwa pia sehemu ya alama ya maji, kwa sababu Shah alikuwa bado anaonekana ukiinua noti kwenye mwanga. Umbo la pambo lililotumika nalo hutofautiana. Mgeni akiona tofauti hizo hudhani moja ni bandia, kumbe zote mbili zinaweza kuwa halali. Tengeneza ukurasa wa picha za kila aina inayotambulika kabla ya kutoa hela, na usinunue kwa kukumbuka.

Stempu zina matatizo yake. Czechoslovakia ilipogawanyika Januari 1993, Jamhuri ya Cheki na Slovakia zilitenganisha fedha zao tarehe 8 Februari kwa kubandika stempu ndogo juu ya noti za pamoja. Transnistria, eneo lililojitenga na Moldova, ilifanya vivyo hivyo mwaka 1994, ikibandika picha ya jenerali Suvorov kwenye noti za Kisovieti na za Urusi. Stempu ikibanduka noti hurudi kuwa ya kawaida, na stempu iliyobanduka huweza kuhamishiwa kwenye noti nyingine iliyo safi zaidi. Angalia gundi: gundi ya zamani huwa imeingia kwenye karatasi na kuacha kivuli cha manjano, ilhali gundi ya dukani huzidi pembeni na mara nyingi hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Hakikisha pia kwamba mikunjo ya noti inapita kwenye stempu. Noti yenye mikunjo mitano na stempu isiyo na hata mmoja inataka maelezo. Usijaribu kuigandua stempu kwa maji ili uone chini yake.

Kuna chapa ambazo tungekushauri uzikwepe kabisa. Noti za Zaire zenye tundu mahali palipokuwa na uso wa Mobutu ni maarufu, na hadithi yake ni tamu: utawala mpya wa 1997, ukisubiri noti zake, ulitoboa uso wa mtu aliyekimbia. Lakini tundu halina wino, halina herufi, halina umri unaoweza kupimwa. Yeyote mwenye kitobozi na noti ya kawaida ya zaire anaweza kulitengeneza leo. Ukiipenda inunue kwa bei ya noti ya kawaida iliyoharibika, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Nchi zilizokufa

Majimbo yaliyojitenga yakashindwa yana mvuto wa pekee, na hesabu yake ni tofauti: hakuna cha baada.

Biafra ilijitangaza tarehe 30 Mei 1967 na kusalimu amri Januari 1970. Ilichapa noti zake kwa sababu Nigeria, mwanzoni mwa 1968, ilibadilisha rangi za noti zake ili zile zilizokuwa mikononi mwa Biafra zikose thamani. Toleo la kwanza lilikuwa na shilingi 5 na pauni 1 tu. La pili liliongeza shilingi 10, pauni 5 na pauni 10. Pauni 1 ya toleo la pili imejaa sokoni, ikiwemo isiyo na namba, yaani iliyobaki kiwandani bila kutolewa. Pauni 5 na 10 ndizo ngumu kupata, na ndizo za kuchunguza kwa makini. Sarafu za kawaida za Biafra za 1969 ni za alumini, nyepesi na laini. Nyingi zina mikwaruzo, na iliyo safi kama kioo ichunguze mara mbili. Katanga, iliyojitenga na Kongo mwezi Julai 1960, iliacha sarafu za shaba za faranga 1 na 5 za mwaka 1961, zenye msalaba wa Katanga upande mmoja na kichane cha ndizi upande wa pili. Hizi bado ni rahisi kupatikana, na zinatosha kuwa mwanzo wa mtu asiye na fedha nyingi.

Kumbuka kwamba kuchapwa si kutolewa. Khmer Rouge, wakomunisti walioitwaa Kambodia, walichapa noti zenye mwaka 1975 kisha wakaifuta fedha yenyewe nchini humo. Ujerumani Mashariki ilichapa noti za mark 200 na 500 za mwaka 1985 ambazo hazikuwahi kutumika. Baada ya muungano zilifukiwa handakini karibu na Halberstadt, wezi wakaingia mwaka 2001, na zilizobaki zikachomwa mwaka 2002. Madoa ya unyevu na harufu ya ukungu kwenye noti hizo yana sababu yake. Noti ambayo haikutumika haiwezi kuwa na "uchakavu halisi wa sokoni", hata muuzaji akiapa.

Sifuri nyingi

Fedha zilizoporomoka ni mlango rahisi zaidi, kwa kuwa zilichapwa kwa wingi na watu waliziweka kama kumbukumbu. Yugoslavia kati ya Oktoba 1993 na Januari 1994 ilifuta sifuri sita, kisha tisa, na noti yake kubwa ilikuwa ya dinari 500,000,000,000. Zimbabwe ilifuta sifuri tatu mwaka 2006, kumi mwaka 2008 na kumi na mbili mwaka 2009. Panga noti hizi kwa toleo, si kwa ukubwa wa namba, la sivyo albamu itakudanganya: dinari 5,000 ya mwaka 1994 ilikuwa na thamani kubwa kupita kiasi kuliko dinari milioni 5 ya mwaka 1993.

Jihadhari na lugha ya namba. Kijerumani na Kiserbia huita bilioni yetu Milliarde au milijarda, na neno lao Billion ni trilioni kwetu. Noti ya Ujerumani ya mark 1,000 ya tarehe 15 Desemba 1922 iliyopigwa chapa nyekundu Eine Milliarde Mark ni ya bilioni moja, na si ya milioni.

Noti ya Zimbabwe ya trilioni 100 ndiyo inayoigwa kuliko zote. Zile za plastiki ya rangi ya dhahabu ni mapambo tu. Noti halali ni ya karatasi, ina mwaka 2008, saini ya Gono, gavana wa benki kuu wakati huo, alama ya maji ya ndege wa Zimbabwe na uzi wa usalama. Namba huanza na AA. ZA ni ya noti za kubadilishia zilizoharibika kiwandani, na hugharimu zaidi.

Sarafu

Sarafu hubadilika polepole kuliko noti, na mara nyingi ukweli uko kwenye maandishi madogo. Mwaka 1936 Afrika Mashariki ilipata senti 5 na 10 zenye jina la mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo. Zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji sura yake, ndiyo maana ziliwahi kutoka. Mwaka huohuo zipo pia zenye jina la George V, kwa hiyo soma jina, usisome mwaka peke yake.

Pima kila sarafu ya thamani: uzito, kipenyo, sumaku, mlio. Tofauti ya asilimia 1 au 2 kwa sarafu iliyotumika ni uchakavu. Asilimia 5 ni swali. Urusi ya miaka ya 1992 na 1993 ilitoa sarafu zinazofanana za ruble 10 na 20, nyingine za shaba-nikeli na nyingine za chuma kilichopakwa juu, na sumaku ndiyo inayozitenganisha.

Fedha za dharura huvunja kanuni hii. Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na meli za Uingereza, walipiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916. Sarafu zao za heller 20, za shaba na za shaba ya njano, zina uzito unaoyumbayumba, kingo zisizo sawa na mikato tofauti ya taji. Sarafu iliyo kamilifu mno ndiyo ya kutilia shaka. Rupia 15 ya dhahabu ya karakana hiyohiyo, yenye tembo, ni jambo jingine: zilipigwa 16,198, za dhahabu ya 750 (sehemu 750 kwa 1,000), uzito gramu 7.168, na ghushi zake ni nyingi. Hiyo inunuliwe ikiwa imekwisha kukaguliwa na kufungwa na kampuni ya upimaji inayotambulika, na namba ya kifungashio ithibitishwe kwenye tovuti ya kampuni hiyo.

Usisugue sarafu. Wala kwa ndimu, wala dawa ya meno, wala majivu. Ngozi ya rangi iliyojijenga kwa miaka ndiyo ushahidi wa umri, ikiondoka hairudi. Kitu pekee kinachoruhusiwa ni kuondoa mafuta au ute wa kijani wa plastiki kwa asetoni safi, isiyo na manukato wala rangi: weka sarafu kwenye chombo cha kioo kwa dakika 5 hadi 10, toa, iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini. Dirisha liwe wazi na moto uwe mbali. Asetoni isiguse noti yoyote, hasa za polima (plastiki), itavua wino wote.

Hali, hila na hifadhi

UNC ni noti isiyotumika, isiyo na mkunjo hata mmoja. XF huvumilia mikunjo myepesi michache, VF imepita mikononi lakini bado ina uimara. Kutoka UNC kwenda VF bei huweza kushuka zaidi ya nusu, na pengo hilo ndilo linalowafanya watu wapige noti pasi. Noti iliyopigwa pasi huwa bapa kupita kiasi, maandishi ya mchongo hayahisiki kwa kidole, na mwanga wa kulazwa huonyesha kivuli cha mkunjo uliokufa. Iliyofuliwa kwa sabuni hung'aa buluu-nyeupe chini ya taa ya urujuanimno, kwa kuwa karatasi halisi ya noti hubaki nyeusi. Iliyokatwa kingo utaijua kwa rula: milimita 2 pungufu ya kipimo cha orodha hazikupotea kwa bahati mbaya.

Mifuko iwe ya poliesta, yenye unene wa mikroni 50 hadi 100. Albamu za PVC laini, zile zenye harufu ya pazia jipya la bafuni, hutoa asidi inayoacha ute wa kijani kwenye shaba na kulegeza wino wa noti. Unyevu wa hewa uwe asilimia 40 hadi 50. Paketi za silika zikaushwe au zibadilishwe zinapobadilika rangi. Sarafu za zinki na alumini, ambazo nchi zilizo vitani hupenda kwa sababu ya unafuu, huota unga mweupe mapema kuliko zote, kwa hiyo zikagueni kila baada ya miezi mitatu. Fremu za kadi za milimita 50 kwa 50 zifungwe kwa pini zilizolala bapa, na pini zote zitolewe kabla ya kuchomoa sarafu, maana mikwaruzo mingi hutokea hapo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila kipande andika namba ya orodha, herufi na namba ya noti, saini, hali, tarehe ya kununua, bei, aliyekuuzia, na picha ya pande zote mbili kwa vitone 600 kwa inchi. Usiandike chochote juu ya mfuko kwa kalamu ya wino, wino hupenya.

Kabla ya kuagiza kutoka nje, uliza forodha mambo mawili: kama noti hiyo bado ni fedha halali huko inakotoka, maana nchi nyingi hudhibiti utoaji wa fedha yake, na kama kuna sheria ya mambo ya kale au ya alama zilizokatazwa. Posta nyingi hazikubali sarafu na noti ndani ya barua ya kawaida, kwa hiyo lipia ya kusajiliwa na bima. Noti ilale kati ya kadi mbili ngumu zilizozidi ukubwa wake kwa sentimita 1 kila upande. Sarafu ifungwe isicheze, kwa sababu bahasha inayolia inapotikiswa hufunguliwa njiani.